Mtungi ni wa mpangaji, dirisha ni langu

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye swichi ya taa ya koridoni pale Bibi wa chumba cha kwanza aliponidaka mkono.

"Mwanangu, usiwashe."

Hakupaza sauti. Alinivuta tu kurudi barazani, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na hapo ndipo pua yangu iliposhtuka. Ile harufu iliyo kati ya kitunguu kilichooza na yai viza, inayotiwa makusudi kwenye gesi ya kupikia kwa sababu gesi yenyewe hainuki. Koridoni kulikuwa kumejaa.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilikuwa nimekwenda Tandika, Dar es Salaam, kwa ajili ya bomba la chooni. Nyumba ni ya Kiswahili kama zilivyo nyingi mtaani pale: vyumba sita, vitatu kila upande, koridoni katikati, uani nyuma. Mama yangu aliijenga kwa vitumbua na upatu, tofali kwa tofali. Alipofariki ikabaki mikononi mwangu, na mimi nikaongeza chumba cha saba ubavuni. Hicho chumba cha saba nitakirudia.

Bibi alishika usukani. Watoto wakatolewa nje, mlango wa mbele na wa uani ikaachwa wazi, na kijana wa chumba cha tano alipotoa simu kumpigia mwenye chumba, Bibi akamwambia akapigie huko barabarani, mbali na mlango. Harufu ilikuwa inatoka chumba cha nne, kwa Mama Mapacha. Kufuli lilikuwa nje.

Mama Mapacha alikuja mbio kutoka gengeni, kanga imemvuka begani, funguo mkononi. Alifungua, akaingia huku ameziba pua, akapiga magoti na kuufunga mtungi. Ulikuwa kati ya mguu wa kitanda na ndoo ya maji, kilo 6, umeunganishwa na jiko la plate mbili juu ya kimeza. Baadaye, hewa ilipotulia, alinionyesha mpira wa gesi. Karibu na regulata palikuwa na michirizi miwili midogo iliyokwenda sambamba, kama mtu kaupitisha uma.

Meno ya panya.

Hakuna aliyeumia. Jioni ile ugali ukasongwa kama kawaida. Mimi nikarudi Tabata kwa daladala, na tangu siku hiyo, wiki ya saba sasa, usiku nikigeuka kitandani nakiona kidole changu kwenye ile swichi.

## Tangazo langu ukutani

Nilipokuwa nasubiri harufu iishe, nilimuuliza Mama Mapacha swali ambalo naona haya kuliandika. Nilimuuliza kwa nini anapikia chumbani, tena pembeni ya kitanda wanakolala watoto.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa adabu, bila kuniangalia, "Dada, samahani, lakini tangazo si uliweka wewe?"

Tangazo lilikuwa mita mbili kutoka tulipokuwa tumesimama. Niliandika mwenyewe, herufi kubwa, nikalipiga lamination stationery: NI MARUFUKU KUPIKA KORIDONI. Niliweka miaka miwili iliyopita baada ya kupaka rangi, kwa sababu moshi wa mkaa ulikuwa umezifanya kuta ziwe nyeusi mpaka kwenye dari. Nilitaka nyumba ionekane nadhifu. Wapangaji wakatii. Wengine wakahamia kwenye gesi, nami nikafurahi nikidhani nimewasaidia. Lakini sikuwahi kujiuliza, ukimkataza mtu koridoni, na uani hakuna banda wala paa la kumkinga na mvua, atapikia wapi.

Na panya?

Usiku ule nilifungua simu nikapandisha ujumbe wake mpaka nikaukuta. Machi. Picha ya dari iliyotoboka kwenye kona juu ya kabati, na maneno haya: "Shikamoo dada. Panya wamezidi. Wanaingilia hapa." Chini yake jibu langu: "Marahaba. Nitamtuma fundi wiki hii."

Sikumtuma.

## Karatasi ya mdogo wangu

Mdogo wangu anaishi Newham, mashariki ya London, na yeye ni mpangaji huko kama walivyo wapangaji wangu hapa. Jumapili nilipomsimulia, alikaa kimya nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniambia, "Dada, huku mwenye nyumba akifanya hivyo anapelekwa mahakamani."

Akanitumia picha ya karatasi.

Niliitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ina anwani ya nyumba, jina la fundi na namba yake ya usajili, tarehe. Kuna safu ya boila, yaani mtambo wa kupasha moto maji na nyumba, na safu ya jiko, na mbele ya kila kimoja fundi ameandika kama presha iko sawa, kama moshi unatoka nje inavyotakiwa, kama kifaa ni salama kutumika. Chini kuna saini. Mwenye nyumba analazimika kumleta fundi huyo kila miezi 12, kwa kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998, na fundi lazima awe kwenye daftari la mafundi wa gesi liitwalo Gas Safe, lililoanza kutumika mwaka 2009. Mpangaji anapewa nakala ndani ya siku 28 tangu ukaguzi. Mpangaji mpya anapewa kabla hajaingiza godoro. Asiyefanya hivyo ametenda kosa la jinai, na linaweza kumpeleka jela.

Mimi ni mtunza hesabu. Karatasi yenye safu na saini inaniingia akilini haraka. Kilichonishangaza ni kwamba hiyo ni karatasi ya mpangaji, inayokaa droo moja na pasipoti yake.

Halafu mdogo wangu akaniambia jambo ambalo alikuwa hajawahi kunisimulia.

Mwaka wake wa kwanza kule alipanga chumba kwa mtu, kwa maneno ya mdomo, pesa mkononi. Hakukuwa na mkataba wala karatasi yoyote. Ilikuwa baridi, madirisha yamefungwa miezi. Kila asubuhi aliamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kichefuchefu. Akifika kazini, saa mbili tatu mbele, kinatulia. Akirudi nyumbani kinaanza tena. Alidhani ni baridi. Alidhani ni upweke, kuwakumbuka watu wa nyumbani. Aliniambia kuna siku alilia akijiambia labda ugenini hakumfai.

Mwenzake wa chumba cha pili ndiye aliyeona kwamba ule mwali mdogo ndani ya boila ulikuwa wa njano. Mwali wa gesi inayoungua vizuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano au wa machungwa, mara nyingi ni dalili kwamba hewa haitoshi na gesi haiungui ikaisha, na hapo inatoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Walipiga namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, fundi akaja usiku uleule akafunga gesi ya nyumba nzima.

"Mbona hukuuliza karatasi tangu mwanzo?" nilimuuliza.

"Ningeuliza ningekosa chumba."

Hilo silo la Uingereza peke yake. Ni jibu ambalo mpangaji wangu yeyote angelitoa Tandika. Sheria inaweza kuwa imeandikwa vizuri sana, na bado mtu aliyefika jana, asiye na ndugu wala akiba, akaogopa kuitaja mbele ya mwenye funguo. Nilijiuliza Mama Mapacha alihesabu mara ngapi kabla ya kunitumia ile picha ya dari. Na baada ya kuona sikumtuma fundi, kwa nini hakutuma tena.

## Siku mbili za ahueni

Nilimuuliza mdogo wangu swali moja zaidi, na nakiri nilikuwa naliulizia kujitoa.

Kama jiko ni la mpangaji mwenyewe?

Akauliza kwa watu wanaojua, akarudi na jibu. Kule wajibu wa mwenye nyumba ni kwa vifaa vyake: boila, jiko alilolitoa yeye, na bomba la kutolea moshi la vifaa hivyo. Mpangaji akija na jiko lake, hilo liko nje ya ukaguzi wa lazima. Mabomba ya gesi ya nyumba yanabaki kuwa ya mwenye nyumba.

Nilipumua. Mimi sitoi jiko. Sina bomba la gesi hata moja kwenye nyumba yangu. Mtungi, regulata, mpira na jiko vyote ni vya Mama Mapacha, alivinunua kwa pesa zake, na mkataba wetu wa kurasa mbili unaokataza mifugo na muziki wa usiku haugusi gesi popote. Kwa kipimo cha Waingereza wenyewe, wakali kama walivyo, mimi ni msafi.

Nililala vizuri Jumatatu na Jumanne.

Jumatano mdogo wangu akanitumia maandishi marefu. Aliandika akiwa kwenye basi, kuhusu jengo lililokuwa hukohuko Newham, likiitwa Ronan Point. Ghorofa 22 za nyumba za kupangisha, mali ya halmashauri. Tarehe 16 Mei 1968, alfajiri, mpangaji wa ghorofa ya 18 aliamka achemshe chai. Akawasha kiberiti. Gesi ilikuwa imevuja usiku kwa sababu ya nati ya shaba, iliyounganisha jiko na bomba, ambayo ilikuwa chini ya kiwango. Ikalipuka. Kona nzima ya jengo ikaporomoka kuanzia juu hadi chini, chumba juu ya chumba. Watu 4 walikufa.

Yule mama aliyewasha kiberiti alipona.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Alikuwa ndani ya mlipuko wenyewe na alipona, hata ngoma za masikio yake hazikupasuka. Uchunguzi ulikuta kwamba mlipuko wa jikoni kwake haukuwa mkubwa kiasi hicho. Kilichoua ni jinsi jengo lilivyojengwa: kuta za zege zilizotengenezwa kiwandani na kupangwa moja juu ya nyingine, bila kufungwa vya kutosha, hivi kwamba ukuta mmoja ukitoka, wa juu yake hauna pa kushika. Gesi ilikuwa ya jikoni kwa mtu mmoja. Waliokufa waliuawa na nyumba.

Ahueni yangu iliishia hapo.

## Hewa nzito

Fundi niliyemleta Jumamosi iliyofuata ni kijana anayeunganisha gesi kwenye migahawa. Hakuanza na mtungi. Aliingia chumba cha nne, akachuchumaa, akaangalia sakafu.

Gesi tunayopikia hapa kwetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inajikusanya uvunguni na kwenye kona, inasubiri. Gesi ya mabomba ya London ni methani, ambayo ni nyepesi na hukimbilia darini. Ndiyo maana ushauri wa kule haubebwi ukaletwa hapa kama ulivyo. Mdogo wangu alitaka kunitumia king'ora kama kile kilicho karibu na boila yao. Uingereza imekilazimisha kwenye nyumba za kupangisha tangu Oktoba 2022, kila chumba chenye kifaa cha kudumu kinachochoma nishati, isipokuwa jiko la gesi. Fundi akaniambia nitazame kinanusa nini. Kile kinanusa kaboni monoksidi. Gesi ikivuja hakitasema neno. Na kinachonusa gesi ya mtungi kinafungwa chini, kimo cha kifundo cha mguu, wakati cha methani kinafungwa juu. Mtu anaweza kununua kifaa cha gharama, akakitundika vizuri kabisa, mahali ambapo hakitafanya kazi.

Halafu akaomba sabuni. Mama Mapacha akampa kipande cha sabuni ya mche. Akakisugua kwenye kikombe cha maji mpaka povu likawa zito, akafungua mtungi kidogo tu, akapaka povu kwa sifongo kwenye regulata, kwenye mpira, kwenye vibanio vya mpira, taratibu, kila mahali. Wale mapacha walikuwa wamesimama mlangoni wameshikana mikono. Mpira ulikuwa mpya tayari, lakini kwenye maungio ya jiko povu likaanza kuvimba. Tundu moja, la ukubwa wa punje ya mtama, likipumua.

"Hapa," akasema, akalikaza.

Usiku nilipiga hesabu, kama ninavyofanya nikikosa usingizi. Chumba kina mita 3 kwa 3, kimo mita 2.7. Ni kama mita za ujazo 24. Gesi ya mtungi inaanza kuweza kulipuka ikifika asilimia 2 hivi ya hewa. Yaani nusu ya mita ya ujazo, ambayo kwa uzito ni kilo moja hivi. Mtungi una kilo 6. Na kwa kuwa gesi inakaa chini badala ya kuenea chumba kizima, uvungu unaweza kufika kiwango hicho mapema zaidi.

Kilo moja. Chini ya kile kitanda.

## Chumba cha saba

"Dirisha la chumba hiki liko wapi?" fundi aliuliza wakati anafunga vifaa vyake.

Lilikuwepo. Lilikuwa nyuma ya pazia, na ubao ulikuwa umegongelewa juu yake.

Mama alipoijenga nyumba ile, kila chumba kilikuwa na dirisha linalotazama nje. Chumba cha nne kilitazama uchochoro wenye mwembe wa jirani. Mwaka ule nilipopungukiwa na ada ya mtoto nilijenga chumba cha saba kwenye uchochoro huo, nikaegemeza paa lake kwenye ukuta wa chumba cha nne. Dirisha likabaki linafungukia kwenye nafasi ya futi moja kati ya kuta mbili, yenye giza na takataka. Panya ndimo wanamoishi humo. Mpangaji aliyekuwepo wakati huo aligongelea ubao ili wasiingie. Mimi nilipunguza kodi ya chumba cha nne kwa shilingi 5,000 na nikaona nimetenda haki.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka chumba kinachopangishwa kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu, siku mpangaji anaingia na siku zote anazokaa. Nimeisoma sasa. Nilipangisha miaka yote hiyo bila kuisoma, na sidhani ningeona kosa hata kama ningeisoma, kwa sababu neno "kufaa" kichwani mwangu lilikuwa na maana ya bati lisilovuja na mlango wenye komeo. Hewa sikuihesabu. Hakuna mtu anayekuja kuulizia chumba akauliza hewa inatokea wapi. Anauliza luku ni ya kushea au ya peke yake.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 mpaka 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa. Mitungi ya kilo 6 inagawiwa kwa ruzuku. Naunga mkono kwa moyo wote; nimeona macho ya mama yangu yalivyoharibika kwa moshi, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani isiamke. Lakini mijini wengi wanaoupokea mtungi huo wanaupeleka kwenye chumba cha mtu mwingine. Mtungi unakuja na maelezo yake ya usalama: weka penye hewa, mbali na mahali pa kulala. Mpangaji wa chumba kimoja anasoma maelezo hayo akiwa amekaa kwenye kitanda ambacho ndicho kiti, ndiyo stoo, ndiyo sebule. Ni nani aliyepaswa kuyasoma?

Na kuna nyumba Mikocheni ambazo tayari zinapata gesi asilia kwa bomba. Bomba likifungwa ukutani, ukuta wa mwenye nyumba, hoja kwamba gesi ni ya mpangaji haitasimama tena.

## Kikao cha uani

Niliitisha kikao Jumapili baada ya adhuhuri. Nilikwenda na soda kreti moja na daftari, nikijiona nimekuja na habari njema: ukaguzi wa gesi mara mbili kwa mwaka, kwa gharama yangu, fundi atapita kila chumba.

Sikupata pongezi.

Kijana wa chumba cha tano aliuliza kama kodi itapanda. Nikasema hapana. Akauliza kama nitaandika kwenye mkataba kwamba haitapanda. Hapo nikasita, na wote wakaniona nikisita.

Baba wa chumba cha pili, mtu mpole ambaye hajawahi kuchelewesha kodi, alisema jambo ambalo sikulitegemea. "Mama mwenye nyumba, tunakushukuru. Lakini fundi akisema jiko langu bovu, mimi nafanyaje? Sina la kununua jingine. Utanitoa?" Mwingine akaongezea kwamba kuna wenye nyumba wanaotumia ukaguzi kama mlango wa kuingia vyumbani kuhesabu nani analala humo. Na Mama Mapacha, kwa sauti ndogo, akasema kama gesi inaleta maneno, yeye atarudi kwenye mkaa.

Niliogopa sana kusikia hilo. Mkaa, katika chumba kile kile kisicho na dirisha.

Nilikuwa nimekwenda na wazo la ile karatasi ya mdogo wangu, safu na saini, nikisahau kwamba nyuma ya karatasi ile kuna mafundi waliosajiliwa, kuna kitambulisho chenye picha ambacho mpangaji ana haki ya kukigeuza asome fundi anaruhusiwa kazi gani, kuna mahakama ambayo mpangaji anaweza kuifikia. Mimi nilikuwa na daftari na neno langu tu. Na neno langu walikuwa nalo tangu Machi: nitamtuma fundi wiki hii.

Bibi ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Kwanza toa lile tangazo."

Nikasimama, nikaenda koridoni, nikalibandua. Plasta ikang'oka nalo, pakabaki mraba wa rangi ya zamani, ile ya mama. Niliporudi uani ndipo mazungumzo yalipoanza hasa.

Tulikubaliana mambo machache, na mengine tukashindwana. Banda la kupikia uani, bati na nguzo, ukuta wa kimo cha kiuno ili upepo upite. Hilo ni langu. Fundi atapita na kila mtu atakuwepo chumbani kwake, hakuna chumba kitakachofunguliwa kwa funguo zangu. Mpira ukikutwa mbovu nitaununua mimi. Kuhusu jiko bovu hatukufika mwisho. Nilisema nitakopesha, Baba wa chumba cha pili akasema deni kwa mwenye nyumba ni kamba shingoni, na sikuwa na jibu la kumpa. Namba ya zimamoto, 114, imeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa uani. Kijana wa chumba cha tano ndiye aliyeiandika.

## Chumba cha nne sasa

Kukirudishia chumba cha nne dirisha lake kunataka kuvunja chumba cha saba. Kuna mpangaji humo, kijana wa bodaboda na mkewe mjamzito, na kodi yao imelipwa mpaka Februari. Nimewaambia ukweli. Mpaka wakati huo fundi ametoboa matundu mawili usawa wa sakafu kwenye ukuta unaotazama koridoni, na mawili juu, na kuyawekea wavu wa chuma ambao panya hapiti. Dari imezibwa. Gesi ikivuja leo itatoka chumbani, lakini itaingia koridoni, ambako watu wanapita. Fundi aliniambia wazi kwamba hiyo ni nusu ya kazi.

Banda limekamilika wiki iliyopita. Nilikwenda jioni kuliona likitumika. Majiko matatu yalikuwa yanawaka, miali ya buluu, Bibi amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Jiko la Mama Mapacha halikuwepo.

Nilimkuta chumbani, anakaanga dagaa.

"Mtungi ukilala uani utaibiwa, dada," alisema kabla sijauliza. "Na kuubeba kila jioni na hawa watoto siwezi."

Alikuwa ameusogeza kutoka pembeni ya kitanda. Sasa uko pembeni ya mlango, karibu na matundu ya chini, mlango uko wazi na pazia limefungwa fundo. Kwenye kimeza, pembeni ya jiko, kulikuwa na kikombe cha plastiki chenye kipande cha sabuni ya mche na sifongo.

Nilipima kwa macho nafasi iliyo nyuma ya banda. Kabati la wavu, lenye kufuli, mitungi sita. Nilimuuliza kama angeuweka humo iwapo funguo zingekuwa zake mwenyewe.

Aligeuza dagaa, akafikiri.

"Nikiliona," akasema.